Kisogo cha Mwezi

Simama kando ya kile kipilefti chenye sanamu ya samaki katikati ya mji wa Mwanza, saa watu wanatoka kazini, uchague daladala moja inayopiga mzunguko mzima na kurudi ilikotoka. Huku kwetu gari hupita kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo daladala inamzunguka samaki kwa kufuata mshale wa saa na dereva ndiye aliye upande wa ndani. Tangu inaingia mpaka inatoka, samaki anamwona dereva tu. Mlango wa abiria hauoni, wala konda aliyening'inia hapo. Wewe uliye nje, kwenye baraza la duka, umeona mengine kabisa: umeona pua ya gari, umeona ubavu wa konda, umesoma maandishi ya kioo cha nyuma, umeona na ubavu wa dereva. Gari limejigeuza duara zima mbele ya macho yako, na samaki hana habari.

Kwa habari ya mwezi, sisi ndio samaki: siku zote tunaona sura yake moja tu.

Kosa linalorudiwa kuliko yote katika jambo hili ni kusema kwamba mwezi haujizungushi. Unajizungusha. Unamaliza duara moja la kujigeuza kwa siku 27.32, na unamaliza safari moja ya kuizunguka dunia kwa siku 27.32 hizohizo. Mwendo wenyewe ni wa taratibu: ukisimama kwenye ikweta ya mwezi, ardhi inakubeba kwa kilomita 16 na ushei kwa saa, mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka. Kama kweli usingejizungusha, ungekuwa mfano wa mtumbwi unaosukumwa kukizunguka kisiwa huku omo yake imeelekea Musoma muda wote. Aliye kisiwani angeona omo, ubavu, tezi, ubavu wa pili. Nasi kila baada ya wiki mbili hivi tungeona kisogo cha mwezi.

Wapo watakaouliza mbona tumezoea siku 29 au 30 toka mwandamo hadi mwandamo. Hiyo ni hesabu nyingine. Wakati mwezi unaizunguka dunia, dunia nayo inasonga kulizunguka jua, kwa hiyo mwezi ukishamaliza duara lake halisi unabaki na siku mbili za ziada kulifikia jua tena. Ndipo tunapata siku 29.53. Mambo ya sura na kisogo yanahesabiwa kwa ile 27.32.

Mbona hapa Mwanza unageuka?

Kosa la pili ni la watu wa ukanda wetu, na kusema kweli lina msingi. Mtu anayeutazama mwezi mpevu ukichomoza jioni, kisha akaamka alfajiri akautazama ukizama, atakuapia kwamba madoa hayako pale yalipokuwa. Hajakosea. Yamepinduka juu chini.

Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Kwa watu wa Ulaya mwezi hupita ukiwa umeinamia upande wa kusini wa anga, na sura yake huinama usiku kucha bila kupinduka juu chini. Hapa unapanda karibu wima kutoka mashariki, upande wa Igoma, unapita karibu na utosi, kisha unateremka magharibi, ng'ambo ya ghuba upande wa Kamanga. Tafuta madoa mawili yatakayokuwa alama zako. La kwanza ni Mare Crisium, doa jeusi la mviringo lililojitenga na mengine, karibu na ukingo. Wanaanga wa kale waliyaita madoa haya bahari, ila ni nyanda za mawe yaliyotokana na lava. La pili ni Tycho, kasoko yenye upana wa kilomita 85, inayojulikana kwa miale myeupe inayotawanyika kutoka kwake kama nyufa za kioo kilichopigwa jiwe.

Mwezi mpevu ukichomoza, kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa moja usiku, Crisium iko juu na Tycho iko kulia. Ukikaribia kuzama asubuhi, Crisium iko chini, upande wa maji, na Tycho iko kushoto. Kilichogeuka ni shingo yako: jioni ulitazama mashariki, asubuhi ukatazama magharibi. Dawa yake ni mkeka. Lala chali, kichwa kaskazini na miguu kusini, uufuate mwezi kwa macho bila kujigeuza. Utapita kutoka kushoto kwenda kulia, na Crisium itakuwa inatangulia muda wote kama omo ya mtumbwi. Hakuna kilichopinduka.

Kwa sababu hiyohiyo hilali yetu hukaa kama mtumbwi juu ya maji, pembe zake mbili zikiwa juu, wakati vitabu vingi vya shule vinaichora imesimama kwa ubavu. Vitabu hivyo vilichorwa na watu wa latitudo nyingine.

Ziwa halitusaidii

Sasa sababu ya mwezi kutuonyesha sura moja tu. Mtu wa Dar es Salaam au Unguja anayo nusu ya jibu bila kusoma, kwa kuwa anaona maji yakijaa na kupwa kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa inapita mita 3. Mvuvi wa pwani anapanga kazi yake kwa bamvua na maji mafu. Ziwa Victoria, pamoja na kilomita za mraba karibu 68,800, lina kujaa na kupwa kwa sentimita chache tu, na hizo zinamezwa na wimbi, upepo na mvua. Ziwa ni dogo mno kwa kazi hii, kwani maji yake hayana bahari nyuma yake ya kuleta maji mengine. Ndiyo maana mtoto wa Kirumba au Igombe analisoma jambo hili kama hadithi ya mbali, na nadhani walimu wetu wangefanya vema kuanzia hapo badala ya kuliruka.

Uvutano unapungua kadiri umbali unavyoongezeka. Upande wa dunia ulioelekea mwezi uko karibu zaidi, kwa hiyo unavutwa kwa nguvu kuliko kitovu cha dunia. Upande wa nyuma unavutwa kidogo kuliko kitovu. Tofauti hiyo inaivuta dunia kuwa ndefu kidogo kama yai, ikiwa na mbinuko mbili: mmoja kuelekea mwezi, mwingine upande wa pili. Bahari inaonyesha mbinuko huo kwa kuwa maji ni mepesi kusogea, lakini hata mwamba unapinda.

Geuza hesabu uwe upande wa mwezi. Dunia ina uzito wa miezi 81. Mwezi ni mdogo, kipenyo chake ni zaidi kidogo ya robo ya kipenyo cha dunia, na hilo linapunguza athari, lakini ukizidisha yote unapata kwamba dunia inaunyoosha mwezi kwa nguvu kama mara 22 ya ile ambayo mwezi unainyoosha dunia. Mwezi hauna maji ya kujaa wala kupwa. Ni mwamba unaovutwa. Mpaka leo uso wake unapanda na kushuka kama sentimita 10 kila mwezi, na hiyo ni sasa, ukiwa wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa.

Zamani ulikuwa karibu zaidi, wenye joto zaidi, laini zaidi, na ukijizungusha kwa kasi yake wenyewe. Mwamba hauitikii papo hapo. Mbinuko unataka kuelekea dunia, lakini kabla haujashuka, mzunguko wa mwezi umekwisha kuubeba mbele ukapita mstari. Dunia inaushika huo mbinuko wa karibu na kuurudisha nyuma. Mbinuko wa upande wa pili nao unavutwa, kwa namna ya kuuongezea mwezi kasi, ila uko mbali zaidi na nguvu yake ni ndogo. Ukitoa moja kwa nyingine, kinachobaki ni breki. Kila duara, mwezi ulipoteza kasi kidogo, na nguvu iliyopotea ikawa joto la msuguano ndani ya mwamba.

Wengi hueleza hadi hapo na kuacha, kisha msomaji anabaki na swali la haki: kwa nini breki ilikoma hapo hasa, isiusimamishe mwezi kabisa? Kwa sababu ukijizungusha polepole kuliko unavyoizunguka dunia, mbinuko unabaki nyuma ya mstari badala ya kutangulia, na dunia inauvuta mbele. Sasa ni kichapuzi. Ukizidisha kasi unakamatwa, ukipunguza unasukumwa, na mahali pekee pa kutulia ni pale kasi hizo mbili zinapolingana. Namba mbili za 27.32 hazikufanana kwa bahati.

Breki hii ni kali mno kwa karibu. Nguvu ya kunyoosha inapungua kwa mchemraba wa umbali: nusu ya umbali, nguvu mara nane. Breki yenyewe inafuata kipeo cha sita, kwa kuwa mbinuko unakuwa mkubwa mara nane na mkono unaoushika nao unakuwa na nguvu mara nane. Kwa nusu ya umbali wa sasa, breki ilikuwa mara 64. Mwezi una umri wa takriban miaka bilioni 4.5, na kwa hesabu hiyo ulifungwa mapema sana katika maisha yake, muda mrefu kabla hakujawa na jicho la kuutazama.

Ulipopoa, ukabaki na umbo lisilo duara kamili, refu kidogo katika mstari wa kuelekea kwetu. Umbo hilo ndilo linaloushikilia sasa. Fikiria mtumbwi uliotiwa nanga kwa kamba ya omo: upepo unaugeuza mpaka unyooke nao, na ukiusukuma kwa kasia unayumba kidogo kisha unarudi. Mwanaanga Giovanni Domenico Cassini aliandika kanuni za mkao huu mwaka 1693, na mwanahisabati Joseph-Louis Lagrange alishinda tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1764 kwa kuonyesha jinsi umbo la mwezi na uvutano wa dunia vinavyoushikilia. Kwa hesabu ileile, mwezi ungeweza kutulia pia na upande wa pili ukitutazama.

Wala mwezi wetu si wa pekee. Phobos na Deimos, miezi miwili ya Mirihi, wanaitazama sayari yao kwa sura moja, na miezi minne mikubwa ya Mshtarii ni hivyohivyo. Pluto na mwezi wake Charon wamefungana wote wawili: kila mmoja anaona sura moja tu ya mwenzake, kwa mzunguko wa siku 6.4. Sayari ya Utaridi ndiyo mkaidi. Unajizungusha mara tatu kwa kila mizunguko miwili ya kulizunguka jua, kwa sababu njia yake ni duaradufu iliyovutika sana na breki ikakamatia kwenye ulinganifu huo.

Kisogo chenyewe

Naomba tuache kukiita upande wa giza. Karibu kila mahali pa mwezi panapata mchana wa karibu wiki mbili na usiku wa karibu wiki mbili. Usiku ambao hatuoni mwezi kabisa kabla ya mwandamo, kisogo chake kimewaka jua lote.

Picha zake za kwanza zilipigwa tarehe 7 Oktoba 1959 na chombo cha Kisovieti, Luna 3. Kilikuwa na filamu ya picha, ikasafishwa humohumo angani, ikasomwa kwa mwanga na kutumwa kwa redio. Picha 29, zikafunika takriban asilimia 70 ya upande huo, hafifu mno, lakini zilitosha kuonyesha jambo ambalo halikutarajiwa: madoa meusi karibu hayapo. Upande wetu una bahari za lava kwenye karibu theluthi moja ya uso. Kisogoni hazifiki asilimia 2 au 3. Gamba la huko ni nene zaidi, na lava ilipata shida kupenya. Frank Borman, Jim Lovell na William Anders wa Apollo 8 ndio binadamu wa kwanza kukiona kwa macho, Desemba 1968. Chombo cha China, Chang'e 4, kilitua huko tarehe 3 Januari 2019, na kwa kuwa redio haipenyi mwezi, ilibidi kwanza kupelekwa setelaiti ya kupokezana mawasiliano, Queqiao. Juni 2024 Chang'e 6 ilirudi na karibu kilo 2 za udongo wa huko.

Aliye upande wetu wa mwezi ana ajabu yake: kwake dunia haichomozi wala haizami. Imetundikwa pale pale angani, ikijigeuza na kubadili umbo kama mwezi unavyobadilika kwetu, ikiyumba kidogo tu.

Dunia nayo inakamatwa breki na mwezi, polepole. Siku inarefuka kwa takriban milisekunde 2 kwa karne. Mtaalamu wa visukuku John Wells alihesabu mistari ya ukuaji kwenye matumbawe ya miaka karibu milioni 400 iliyopita, akachapisha mwaka 1963 kwamba mwaka wa wakati ule ulikuwa na siku kama 400, yaani siku ya saa 22 hivi. Kasi tunayoipoteza inamwendea mwezi, nao unasogea mbali sentimita 3.8 kwa mwaka. Hilo linapimwa kwa leza inayopigwa kwenye vioo vilivyoachwa na safari za Apollo 11, 14 na 15 na magari mawili ya Kisovieti ya Lunokhod; mwanga unakwenda na kurudi kwa sekunde 2.5.

Kuuona ukiyumba

Ukiambiwa tunaona nusu ya mwezi, ongeza kidogo. Kwa kuvizia, tunaona asilimia 59. Mwezi unajigeuza kwa kasi isiyobadilika, nyuzi 13.2 kwa siku, lakini njia yake ni duaradufu: ukiwa karibu unakimbia hadi nyuzi 15 kwa siku, ukiwa mbali unajikokota kwa nyuzi 12. Ni kama dereva wa daladala yetu angekata usukani kwa mpigo uleule huku akibadilisha mwendo. Samaki angeona mara kidogo cha pua, mara kidogo cha nyuma. Hesabu inafika karibu nyuzi 8 kila upande. Mhimili wa mwezi nao umeinama nyuzi 6.7 kwa njia yake, kwa hiyo unatuinamishia utosi, kisha baada ya wiki mbili unatuonyesha kidevu.

Hili linapimika ukiwa Mwanza, na Crisium ndiyo rula. Kitovu chake kiko nyuzi 59 kutoka katikati ya sura, karibu na ukingo, ambako nyuzi chache zinaonekana sana. Takriban wiki moja baada ya mwezi kuwa karibu kabisa na dunia, Crisium inasogezwa ndani. Wiki moja baada ya kuwa mbali kabisa, inakimbilia ukingoni na kuwa nyembamba kama jicho la mtu mwenye usingizi. Tarehe za karibu na mbali zinapatikana kwenye kalenda za anga za intaneti.

Tumia darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita). Weka viwiko juu ya ukuta au boneti la gari. Ukiishika hewani mapigo ya moyo tu yanatosha kuharibu. Chora duara la sentimita 10 kwa bikari, uweke kitovu cha Crisium kwa kulinganisha na ukingo ulio karibu. Mwezi ukiwa umeyumba kabisa upande mmoja, pengo kati ya kitovu hicho na ukingo ni milimita 10 hivi. Ukiyumba kabisa upande wa pili linabaki milimita 4. Miezi mingi utapata kitu cha katikati, usikate tamaa.

Ukitumia simu kwenye kioo cha darubini, ingia hali ya kupiga kwa mkono, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na 1/250 ya sekunde, kisha rekebisha. Ukiiachia ichague yenyewe, itaona anga jeusi, itafungua mwanga, na mwezi utatoka kama sahani nyeupe. Zima pia kila msaada wa kupendezesha picha. Zipo simu zinazotambua kwamba unapiga mwezi na kuunoa kwa programu, na picha iliyonolewa hivyo haifai kupimwa kwa rula.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya anga safi, ingawa moshi wa nyasi zinazochomwa hutia wekundu mwezi ukiwa chini. Subiri upande kidogo. Usiku wenyewe wa mwezi mpevu ziwani taa zinakuwa chache, kwa sababu dagaa hawaifuati taa wakati anga lote limewaka mbalamwezi, na wavuvi wengi wanapumzika mpaka giza lirudi.

Kosa la mwisho la kuepuka ni kulinganisha mwezi mpevu wa leo na wa mwezi ujao. Mzunguko wa karibu na mbali ni siku 27.55, wa mwandamo ni 29.53, kwa hiyo toka mwezi mpevu mmoja hadi unaofuata Crisium itakuwa imesogea kidogo tu. Ili uione imehama kutoka upande mmoja hadi wa pili, ikiwa na mwanga uleule, hesabu miezi mpevu saba, karibu siku 207. Andika tarehe na saa nyuma ya mchoro wa kwanza, uuweke mahali pasipo na mchwa.